Nyuzi za Goti Langu

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, siku mbili baada ya sikukuu ya Nane Nane, kano la goti langu la kushoto lilikatika katika mechi ya bonanza la maveterani hapa Morogoro. Nilikuwa na umri wa miaka 39, mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari, na kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikisikia maumivu chini ya pia ya goti kila niliposhuka ngazi, nikayanyamazisha kwa vidonge ili nisikose mechi za Jumamosi. Siku hiyo niliruka kupiga mpira wa kichwa, nikatua kwa mguu mmoja goti likiwa limekunjika kidogo, na kabla sijaanguka nikasikia mlio mkavu, pa, kama kamba ya kisimani inapokatika kwa uzito wa ndoo. Wenzangu waliokuwa karibu waliusikia. Beki wa timu pinzani aliinua mikono kumwonyesha mwamuzi kwamba hakunigusa, na kweli hakuwa amenigusa.

Maumivu yalikuwa makali kwa dakika chache, kisha yakapungua, na huko kupungua ndiko kulikonidanganya. Niliponyanyuliwa na kujaribu kukanyaga, mguu ulikunjika chini yangu kana kwamba hauna mwenyewe. Jioni hiyo nilipelekwa kwenye kituo cha afya, nikapigwa picha ya eksirei, nikaambiwa kwamba mfupa haujavunjika na kwamba misuli imepata mshtuko tu. Nilipewa bendeji, dawa za maumivu na mapumziko ya wiki mbili. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu.

Mama mkwe wangu, ambaye anatupenda na hakutaka kuniona nimelala, alimwita mzee mmoja anayefahamika mtaani kwetu kwa kuchua. Mzee alikuja asubuhi tatu mfululizo na mafuta yake ya karafuu na maji ya moto. Asubuhi ya tatu alipitisha kidole gumba chini ya pia ya goti, akarudia, akanyamaza kwa muda, kisha akafunika chupa yake. Aliniambia, "Mwanangu, hapa pana shimo. Mimi nachua nyama, shimo sichui. Nenda hospitali kubwa." Hata senti ya siku hiyo hakuipokea. Nasimulia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakizungumzia wachuaji huwalaumu wote kwa pamoja, wakati kwangu mimi mtu wa kwanza kuligundua tatizo lenyewe kwa mkono wake alikuwa ni huyo mzee. Aliyechelewa nilikuwa mimi, kwani niliendelea kusubiri wiki mbili za mapumziko ziishe.

Siku ya 16 nilimwona daktari wa mifupa. Alinilaza chali akaniomba niinue mguu wa kushoto kutoka kitandani ukiwa umenyooka. Nilikaza kila nilichoweza kukaza, na kisigino hakikuachana na shuka. Hapo akachukua ile picha ya eksirei niliyokuja nayo, akaiinua kwenye mwanga wa dirishani, akanionyesha kwa ncha ya kalamu kwamba pia ya goti ilikuwa imepanda juu kuliko mahali pake. Mfupa haukuvunjika, alisema, lakini umehama. Msuli wa mbele wa paja hushika pia ya goti kwa kano la juu, na pia hiyo hushikwa kwenye mfupa wa goko kwa kano la chini. Ni mnyororo mmoja unaonyoosha goti, na pingu yake ya chini ikikatika, msuli huivuta pia kuelekea juu na mguu hauna tena cha kuunyoosha. Alinieleza pia kwamba kila wiki inayopita msuli huzidi kujikunja na kano huzidi kuwa gumu kurudishwa mahali pake, ndiyo maana kano lililokatika kabisa hushonwa mapema iwezekanavyo. Kipimo cha ultrasaundi kilithibitisha. Yeyote aliyeumia goti na akashindwa kuinua mguu wake ukiwa umenyooka, namsihi asiridhike na jibu la kwamba mfupa ni mzima. Hilo ni jibu la swali jingine.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam tarehe 28 Agosti. Sina mengi ya kusimulia juu yake, kwa kuwa nilichomwa ganzi ya uti wa mgongo na sehemu kubwa ya muda nilikuwa nikitazama pazia la kijani. Daktari wa upasuaji alitoboa matundu matatu membamba kwenye pia ya goti, akapitisha humo nyuzi ngumu zilizoshona kano na kulirudisha mahali pake. Nilirudi Morogoro kwa treni ya mwendokasi, mguu ukiwa ndani ya hogo kuanzia pajani hadi juu ya kifundo, nikiamini kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni kusubiri. Nilikosea kabisa. Kushona kulichukua saa chache, nayo kazi iliyofuata imechukua mwaka.

Katika Kiswahili tunaita nyuzi zile zilizoshona kano langu, na tunaita nyuzi pia vipimo vya pembe ninavyowafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza. Sikuwahi kuyafikiria maneno hayo mawili kwa pamoja mpaka siku ya kwanza ya mazoezi tiba, wiki mbili baada ya upasuaji, pale mtaalamu wa fiziotherapia alipoweka kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili mirefu kando ya goti langu. Hogo lilikuwa limeondolewa, nimefungwa kifaa chenye vyuma pembeni na bawaba inayoweza kufungwa kwenye pembe iliyochaguliwa. Aliiweka bawaba kwenye nyuzi 30. "Mwalimu," alisema, "kwa wiki hizi nyuzi 30 ni zako, 31 si zako." Ilinibidi nijifunze hesabu upya, maana darasani mstari ulionyooka una nyuzi 180, ilhali kwenye chumba cha mazoezi mguu ulionyooka ni sifuri na kukunja ndiko kunakohesabiwa.

Kabla hatujaanza zoezi lolote aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza ninataka goti hili lije kufanya nini. Nilimjibu kwamba nataka kupona. Alisema kupona hakupimiki, nimtajie vitu. Nikafikiri, nikamtajia vinne: kutumia choo cha kuchuchumaa nikiwa kijijini kwa wazazi wangu, kuandika sehemu ya chini ya ubao bila kushika meza, kupanda bodaboda, na kusali kwa kusujudu badala ya kukaa kwenye kiti. Aliviandika vyote kwenye kadi yangu, na mbele ya kila kimoja akaandika pembe ambayo goti lingehitaji. Kiti cha kawaida kinataka nyuzi 90. Kupanda na kushuka ngazi vizuri kunataka kidogo zaidi ya hapo. Kuchuchumaa na kukaa juu ya mguu katika sala kunataka zaidi ya nyuzi 140, karibu mwisho wa uwezo wa goti la binadamu. Hakuniahidi kwamba tutafika huko, ila aliniahidi kwamba tutakuwa tunajua tulipo.

Zoezi la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba nilidhani ni la kujiandaa tu. Unaketi mguu umenyooka, unaweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, unakaza msuli wa mbele wa paja ili goti liikandamize taulo, unahesabu hadi kumi, unaachia. Nilikaza, na msuli haukutikisika. Nililitazama paja langu kama mtu anayemwita mtoto ambaye amelala. Mtaalamu alinieleza kwamba goti likijeruhiwa na kuvimba, mwili wenyewe huuzuia msuli huo usifanye kazi, na kwamba si uvivu wala udhaifu wa nia. Msuli upo, bali amri haiufikii. Aliniwekea mashine ndogo ya umeme iliyoushtua ili nikumbuke unavyopaswa kuhisi, kisha akaniomba nikaze mguu wa kulia kwanza na wa kushoto pamoja nao. Siku ya nne niliona ngozi juu ya pia ya goti ikisogea kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni na alikuwa wa kwanza kuuona. Hadi leo sijapata ushindi ulionigusa kuliko ule.

Paja lilikuwa limekwisha kunywea. Alilipima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia, na la kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia kwa sentimita 4. Nyumbani kazi ikawa ya familia. Nilichukua kile kipimapembe kikubwa cha mbao ninachotumia ubaoni. Mke wangu alikishika kitovu chake kwenye ubavu wa goti, akalaza rula kufuata mguu hadi kifundo, na binti yetu aliye darasa la tano akaandika namba kwenye daftari la mraba kila Ijumaa jioni. Daftari hilo ninalo. Wiki ya pili baada ya upasuaji, nyuzi 30. Wiki ya sita, 60.

Baada ya hapo, kwa Ijumaa tatu mfululizo, namba zilikwama: 62, 63, 64. Sababu ilikuwa hofu yangu. Bawaba ilikwisha kufunguliwa, nami nilikuwa nimeruhusiwa kukunja kadiri mguu unavyokubali, lakini kila nilipohisi mvuto chini ya pia ya goti niliusikia ule mlio wa uwanjani na misuli yote ikajikaza kunilinda. Mtaalamu hakunilazimisha. Aliniketisha ukingoni mwa meza, akaniambia niubebe mguu mgonjwa kwa mguu mzima na kuushusha polepole, mzima ukiwa chini ya mgonjwa, ili mimi mwenyewe niwe ndiye ninayeshika usukani. Huku nikifanya hivyo alinieleza jambo ambalo nadhani kila mgonjwa wa kano angepaswa kuelezwa siku ya kwanza. Kano lina mishipa michache ya damu, kwa hiyo hupona taratibu kuliko nyama. Linapojiunga, nyuzinyuzi mpya za kolajeni, protini inayoliunda kano, huwekwa ovyo ovyo, kama majani ya ukili yaliyomwagwa sakafuni kabla hayajasukwa. Kinachozipanga zielekee upande mmoja ni mvuto wenyewe unaotokana na kubeba mzigo kwa kipimo na kwa kurudiarudia. Kano lisilobebeshwa kitu hubaki dhaifu, na lililobebeshwa mzigo kabla ya wakati hulegea au kukatika tena; kati ya hayo mawili ndipo mgonjwa anapaswa kuishi kwa miezi mingi.

Nilipoelewa hivyo, maumivu yalibadilika maana. Aliniwekea kanuni: wakati wa zoezi maumivu yasizidi 3 katika kipimo cha 0 hadi 10, na asubuhi inayofuata goti liwe limerudi kama lilivyokuwa jana. Likiamka limevimba au linauma zaidi, mzigo wa jana ulikuwa mkubwa. Kwa kanuni hiyo nilijua ninachokifanya hata nilipokuwa peke yangu. Wiki ya 12 binti yangu aliandika 95, na nikaketi kwenye kiti cha ofisi ya walimu kwa mara ya kwanza miguu yote miwili ikiwa chini sawasawa.

Nilikuwa nimekwisha kurudi darasani. Mkuu wa shule aliniruhusu kufundisha nikiwa nimeketi, wanafunzi wakapokezana kuandika ubaoni ninachowatajia. Nilikwenda na kurudi kwa bajaji, mguu nimeulaza kwenye kiti cha nyuma. Kwenye ngazi za jengo letu nilifuata utaratibu niliofundishwa tangu siku za magongo, kwamba mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda na mguu mgonjwa hutangulia wakati wa kushuka, ili kazi ya kuubeba mwili iwe ya mguu mzima wakati wote.

Kosa langu kubwa lilikuja mwishoni mwa Novemba, wiki ya 13, na lilikuja kwa sababu nilikuwa najisikia vizuri. Maji yalikatika mtaani kwetu siku mbili. Mke wangu alikuwa safarini, na jirani mwenye tangi alituambia tuchote. Nilibeba ndoo ya lita 20 mkononi, safari sita, kwenye njia yenye mteremko. Goti halikuniuma hata kidogo wakati wa kubeba. Alfajiri nilipoamka kuswali lilikuwa limejaa maji, pia imepotea ndani ya uvimbe, na nilipojaribu kuinua mguu ulionyooka goti lililegea katikati kama zamani. Niliketi kitandani gizani nikiwa na hakika kwamba nyuzi zimekatika na kwamba miezi mitatu imekwenda bure. Sikumwambia binti yangu.

Mtaalamu alinipapasa chini ya pia kwa muda mrefu. Hapakuwa na shimo. Daktari alithibitisha kwamba kano liko salama, ila limechokozwa. Nilitarajia niambiwe nilale wiki mbili, kama mara ya kwanza, na pengine hata nilitamani niambiwe hivyo. Mtaalamu alipunguza mzigo, hakuondoa zoezi hata moja. Kurudia mara 15 kukawa mara 7, begi la mchele la kilo 2 kwenye kifundo likawa hakuna begi, na mazoezi ya kukaza msuli bila kukunja goti yakaongezwa kwa sababu hayo hubebesha kano mzigo pasipo kulichokoza. Baada ya siku tisa uvimbe ulikwisha. "Ungekuja kesho yake ukiwa unalia nisingekulaumu," aliniambia, "lakini ungekaa nyumbani bila kuniambia ningekulaumu." Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila kitu, hata yale ninayoyaonea haya.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu na haina mengi ya kuvutia, na ni hapo ambapo wagonjwa wengi huacha. Tulikuwa watu kumi na kitu tulioanza pamoja kwenye kile chumba, wa magoti, nyonga na migongo. Kufikia Februari tulikuwa tumebaki wachache. Siwalaumu. Nauli ya kila wiki si ndogo kwa mtu anayelipwa kwa siku, na mtu akishaweza kutembea, jamaa humwona amepona na huacha kumsindikiza. Lakini kutembea ni kazi nyepesi kwa kano. Kushuka ngazi, kuinuka kutoka chini, kusimama ghafla, hayo hulibebesha mara kadhaa ya uzito wa mwili, na nguvu hiyo hupatikana baada ya miezi, si wiki. Baiskeli ya mazoezi ndiyo iliyonitia moyo wakati huo. Mwanzoni niliweza kuisukuma pedali mbele na nyuma tu, nusu mzunguko, kwa sababu mzunguko kamili unataka takriban nyuzi 110. Wiki ya 15, siku ambayo sikutarajia chochote, pedali ilipita juu na kuteremka upande wa pili. Niliendelea kuizungusha dakika kumi, na nadhani kila mtu chumbani alijua.

Zoezi lililoujenga upya mguu wangu, kwa maoni yangu, lilikuwa la matofali. Nilisimama kwa mguu wa kushoto juu ya tofali moja la saruji lililolazwa uani, nikashusha kisigino cha mguu wa kulia polepole hadi kiguse ardhi, nikihesabu hadi nne, kisha nikapanda tena kwa msaada wa miguu yote miwili. Kushuka taratibu hivyo, msuli ukirefuka huku umebeba mzigo, ndiko kulikorudisha nguvu ya paja. Mtaalamu alisisitiza nisimame mbele ya kioo niliangalie goti lisiingie ndani kuelekea mguu wa pili. Kwetu kioo kikubwa hakipo, hivyo binti yangu alisimama mbele yangu na kunyoosha kidole kila goti lilipopinda. Mwezi wa sita baada ya upasuaji tuliongeza tofali la pili.

Ramadhani ya mwaka 2025 ilinikuta nikisali tarawehe kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee. Sheria inaruhusu na sikuwa na huzuni ya dhambi. Nilikuwa na hamu tu. Kusujudu kwenyewe niliweza mapema kuliko nilivyofikiri, kwa godoro jembamba chini ya goti, kwani kovu bado lilikuwa linauma likikandamizwa. Kilichoshindikana kilikuwa kikao baina ya sijda mbili, ambacho mguu wa kushoto, ule ule mgonjwa, hukunjwa ukakaliwa. Mtaalamu alinipa zoezi la kukaa kwa magoti na mito mitatu kati ya makalio na visigino, na kila wiki mbili kuondoa unene wa kitambaa kimoja. Mito mitatu ikawa miwili mwezi wa Aprili. Mmoja mwezi wa Mei. Mwishoni ilikuwa khanga ya mke wangu iliyokunjwa mara nne, kisha mara mbili.

Idi ya kuchinja iliangukia Jumamosi, tarehe 7 Juni. Alasiri, wageni walipokuwa wameondoka, nilitandika mikeka miwili mmoja juu ya mwingine chumbani, nikasali. Katika rakaa ya kwanza nilipoinuka kutoka kwenye sijda niliuacha mguu wa kushoto ukunjike wenyewe, nikaushusha mwili taratibu kwa kuhesabu hadi nne kama juu ya tofali, na nikajikuta nimeukalia. Ulivuta sana mbele ya goti, kwa kiasi cha 2 katika 10. Nilipotoa salamu binti yangu alikuwa mlangoni na kipimapembe cha ubaoni. Haikuwa Ijumaa, lakini nilimruhusu. Alipima mguu wa kushoto, akapima na wa kulia kama mama yake alivyomfundisha, akaandika kwenye daftari: kushoto 144, kulia 149. Akaniuliza kama zile tano zilizobaki zitakuja. Nilimwambia tutaona Ijumaa, nikamwomba anisaidie kuyatoa matofali uani kabla jua halijazama.